Masale Yaliyopakwa Dhahabu

Mtu asikudanganye kwamba sherehe ya nyumbani kwako ni yako. Eunike aliamini hivyo mpaka asubuhi ile ya Desemba, alipotoka jikoni amebeba beseni la ndizi zilizomenywa, akakuta vijana asiowajua wanachimba mashimo katikati ya uwanja wake. Kando yao alisimama dada mmoja aliyevaa miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado limejificha nyuma ya ukungu wa Machame. Dada yule hakusalimia. Aliuliza kama ng'ombe anaweza kuhamishwa.

"Ahamishiwe wapi?" Eunike aliuliza.

"Popote, mama. Analia sana. Atasikika kwenye video."

Ng'ombe alikuwa bandani kwake, alikozaliwa, na alikuwa analia kwa sababu hajakamuliwa. Hajakamuliwa kwa sababu mkamuaji wake alikuwa ameshikwa na ndizi tangu alfajiri. Eunike alilitua beseni chini, akamtazama yule dada kuanzia kwenye miwani hadi kwenye viatu, akajizuia. Jina lake Doris, mpambaji, mtu wa Soweto kule Moshi mjini. Aliletwa na kamati. Kila kilichokuwa kinamkera Eunike siku hiyo kililetwa na kamati.

Kamati haikuwa wazo lake. Binti yake wa pekee, Goodness, alipomaliza shahada yake ya ualimu, Eunike alipanga jambo dogo la kueleweka: majirani, kwaya ya usharika, sufuria la mtori, machalari ya ndizi ya kutosha, mbuzi mmoja wa ndafu, wa kuchomwa mzima, na mbege, pombe ya ndizi, aliyoipika mwenyewe. Watu waje, wale, washukuru, waimbe, waende zao. Basi akafanya kosa la kumwambia Godlove, binamu wa marehemu mumewe, anayeishi Dar es Salaam. Kabla hajakata simu, Godlove alikwisha fungua kundi la wasapu na kujiteua mwenyekiti. Likaja neno la rangi za sherehe, zambarau na dhahabu. Ukaja mshereheshaji, likaja zulia jekundu, ikaja keki ya ghorofa. Eunike akawa anasoma mambo ya nyumbani kwake kwenye simu, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Alivumilia yote hayo, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka kwa moyo wake wote, na jambo hilo kamati haikuwa na mamlaka nalo.

Mume wake, Ezra, alikuwa mpishi wa safari za mlimani. Alipika chakula cha wageni kwenye mahema, juu kule kwenye baridi, akarudi nyumbani ananuka moshi na vitunguu, akambeba Goodness mabegani kumpeleka shule. Alifariki kwa homa ya mapafu binti akiwa bado sekondari. Akazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, na kichwani pa kaburi akapandiwa isale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga huuheshimu. Sasa siku hizi kwenye sherehe za mahafali, mhitimu huingia ameshikwa mkono na baba yake, watu wote wamesimama. Goodness aliwahi kuhudhuria sherehe za wenzake chuoni, akarudi likizo akamwambia mama yake, "Mimi siku yangu sitaki kuingia peke yangu, mama. Kama mtu asiye na kwao." Eunike akamwahidi kwamba hataingia peke yake.

Wa kumshika mkono alikuwa mmoja tu, Ebenezeri, kaka mkubwa wa Ezra. Anakaa kihamba cha pili, pua na mdomo na kwa Eunike. Ana sauti ya Ezra, na hata kukohoa kwake ni kwa Ezra. Tabu ni kwamba yeye na Eunike walikuwa wametoka kwenye ugomvi uliotaka kuwamaliza.

Vihamba vile viwili vilikuwa kimoja, baba yao akavigawa, akapanda masale kwenye mstari wa mpaka. Ezra alipofariki, sehemu ya masale ya juu ilikuwa imekufa, na shina la migomba lililokuwa pembeni kule likawa halijulikani ni la nani. Ebenezeri akakata mkungu. Eunike naye akakata mkungu. Yakatoka maneno ambayo watu wa kanisani hawapaswi kuyajua, sembuse kuyatamka. Wakaacha kusalimiana. Ibadani mmoja akikaa kulia, mwingine anakwenda kushoto. Ilibidi wazee wa ukoo na mchungaji waje, wapime, wawasemeshe mchana kutwa, na mwishowe masale mapya yapandwe toka barabarani mpaka kwenye migomba. Shina la mwisho walilishika wote wawili, Ebenezeri kwa juu na Eunike kwa chini, wakalishindilia udongo kwa miguu yao. Uliachwa mwanya mmoja katikati ya masale, wa kupitia wao kwa wao. Ebenezeri akasema mbele ya watu wote, "Mguu wangu utaingia kwa mdogo wangu kwa njia hii, na si kwa nyingine." Na alipokuwa anaondoka siku hiyo, akageuka akasema, "Goodness akimaliza chuo, nitamshika mkono mimi."

Sasa unaelewa kwa nini mwanamke huyu alikubali kuhamishiwa mambo yake kushoto na kulia bila kupiga kelele. Alikuwa anaisubiri ile dakika moja.

Lakini uvumilivu nao una kiasi. Ng'ombe akakamuliwa haraka haraka na kupelekwa kwa jirani. Mafiga yakahamishwa nyuma ya nyumba kwa sababu moshi ungechafua vitambaa vyeupe. Majirani waliokuja kusaidia kupika wakasukumwa huko huko nyuma, na vicheko vyao na nyimbo zao, kana kwamba wamekuja kuiba. Pipa la mbege Doris alilitazama kwa muda, akauliza ni la nini, akaelezwa, akasema, "Sawa, ila tuliweke mahali lisipoonekana." Kata za kunywea zikakusanywa, zikaletwa bilauri za plastiki. Eunike alipouliza mzee wa Kimachame atashikaje bilauri ya plastiki akanywea mbege, alijibiwa kwamba ndiyo mambo ya kisasa.

Sare nayo ikamgomea. Gauni la zambarau ambalo fundi alimshonea lilimpita mabegani na kukataa kiunoni, zipu ikafika njiani ikatia nanga. Jirani yake mmoja akamziba mgongoni kwa pini na mtandio. Simu ilikuwa haipumziki. Godlove alikuwa njiani anatoka Dar, na kila alipopata mtandao alipiga kuuliza zulia limetandikwaje.

"Limetandikwa chini, shemeji," Eunike alimjibu. "Kwani lingetandikwa wapi?"

Alikuwa anasema hivyo akiwa amesimama juu ya sufuria la machalari, mwiko mkono mmoja, simu imebanwa kati ya sikio na bega, mafuta yanaungua, na dada wa kumpaka vipodozi anamsubiri mlangoni na brashi zake. Goodness alikuwa saluni mjini na simu yake haikupatikana. Hapo ndipo Doris alipotokea tena.

"Mama, samahani. Meza kuu imekosa kijani. Maua niliyoagiza yamenyauka njiani. Naweza kukata majani kidogo hapa hapa nyumbani?"

Eunike akalipuka. "Kata unachotaka! Kata migomba, kata mibuni, nikate na mimi uniweke kwenye chupa, mradi mnimalizie!"

Kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Doris akacheka pia, akashukuru, akaenda zake. Eunike akamaliza kuongea na Godlove, akamkabidhi jirani mwiko, akaingia ndani kuchorwa nyusi. Moyoni alikuwa amepoa kidogo, kwa sababu kusema kwa ukali nako kuna raha yake.

Alikaa kwenye kile kiti muda mrefu kuliko alivyotaka. Uso ulipakwa, ukafutwa, ukapakwa upya. Alipoletewa kioo alimwona mwanamke mwenye nyusi za mshangao, akasema inatosha. Akatoka nje.

Maturubai yalikuwa yamesimama. Viti vimevishwa vitambaa. Zulia jekundu lilitoka getini likapita katikati ya uwanja mpaka meza kuu, na meza kuu ilikuwa imependeza, hata yeye alikubali. Chupa ndefu za maua zilikuwa zimejaa majani marefu yaliyochongoka, yanayong'aa kwa dhahabu. Akasogea kuyatazama. Akagusa moja. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika kidoleni.

Akalijua jani lile kabla kichwa hakijakubali. Akageuka taratibu kutazama upande wa kwa Ebenezeri, na akaona jambo ambalo hajaliona tangu masale mapya yakue: nyumba ya shemeji yake yote, kuanzia ngazi mpaka bati. Hakuna kilichoizuia. Toka barabarani mpaka kwenye migomba, masale yalikuwa yamekatwa usawa wa magoti, mstari mzima, vimebaki visiki vyeupe vinavyotoa maji.

"Ruwa wangu, Mungu wangu," alisema. "Doris! Doris!"

Doris alikuja mbio, ameshika kopo la rangi ya kupuliza.

"Nani amekwambia ukate haya?"

"Si wewe, mama? Umesema nikate ninachotaka. Nikaona yale mazuri, marefu, yako mengi. Hata nyumbani kwetu mama anayo kwenye kopo."

Eunike akajifuta rangi kidoleni. Angemlaumu nani? Kina mama wote jikoni walisikia. Walicheka. Ni mdomo wake mwenyewe uliotoa ruhusa, na mpambaji wa watu hakuiba kitu. Alijisikia hasira ya kumtafuna mtu, na mtu wa kumtafuna hakuwepo ila yeye mwenyewe.

Na kama vile haitoshi, Ebenezeri akatokea. Wazee hawasubiri saa ya kadi. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu la kanisani na kofia, fimbo mkononi, viatu vimepigwa rangi. Alikuja moja kwa moja mahali alipozoea kupita, pale kwenye mwanya, akasimama, kwa sababu mwanya haukuwepo tena. Akavitazama visiki upande wa chini. Akavitazama upande wa juu. Kisha akainua macho kwenye meza kuu, akayaona majani mahali yalipo, na Eunike akaona kifua cha mzee kikipanda na kushuka. Aligeuka, akarudi kwake polepole, akaketi barazani.

Ingekuwa afadhali angetukana. Tusi lina jibu.

Getini honi zikalia, gari la saluni limefika. Goodness akashuka na joho lake jeusi, kofia mkononi, uso unang'aa kwa vipodozi na furaha. Akamkumbatia mama yake, akamwachia, akamtazama vizuri.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu. Ni hizi nyusi."

"Baba mkubwa amefika?"

"Anakuja," Eunike alidanganya. "Nenda ndani ukapumzike."

Kwa watu wa milimani, ukimkosea mtu kosa la namna hii, maneno matupu hayafiki. Unakwenda na isale. Unalikunja fundo, unampa kwa mikono miwili, na akishaletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Eunike alilijua hilo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa ya karibu. Ukatoka na jani la dhahabu. Akajaribu chupa nyingine, kisha nyingine, akachambua mpaka kwenye geti la maua lililopambwa kuingilia, huku Doris akimfuata nyuma anasema mama unaharibu, mama nimeshapanga. Lote lilikuwa dhahabu. Mbele na nyuma. Doris alikuwa fundi, hakuacha hata jani moja nusu.

"Huwezi kwenda kumwomba mtu radhi na pambo la keki," Eunike alisema kwa sauti, wala hakujua anamwambia nani.

Basi akazunguka nyuma ya nyumba, akawapita kina mama na masufuria yao, akafika kwenye kaburi la Ezra. Isale la pale lilikuwa limekua, linamfikia kifuani. Tangu lipandwe hajawahi kulivunja hata jani. Alisimama mbele yake na gauni lake la pini, na badala ya kuomba akajikuta anamgombeza marehemu. "Umeniachia haya yote peke yangu. Kaka yako, mpaka, mtoto, na Godlove juu yake. Sasa leo utanisaidia." Akachuma jani moja la kijani, akalikunja fundo.

Ebenezeri alikuwa bado barazani, koti halijavuliwa. Eunike aliingia kwake kupitia barabarani, hakuthubutu kukanyaga visiki. Akapiga magoti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akamnyooshea jani kwa mikono yote miwili. Mzee akaweka fimbo kando, akalipokea, akaligeuza.

"Hili mbona kijani?"

"Nimelitoa kwa Ezra. Yale mengine yamepakwa rangi."

"Rangi gani?"

"Dhahabu, shemeji."

"Dhahabu," Ebenezeri alirudia. Akazitazama zile chupa zilizokuwa zinawaka kule kwenye meza. "Nani alikata?"

"Mpambaji. Lakini ni mimi niliyesema akate anachotaka. Nilisema kwa hasira, sikufikiri. Kosa ni langu."

Mzee akatikisa kichwa. "Isale halikataliwi. Nimekusamehe, na huyo mpambaji nimemsamehe, sina neno na mtu. Inuka, unachafua nguo."

Eunike akainuka, akapumua. "Asante, shemeji. Asante sana. Basi twende, watu wameshakaa, Goodness anakusubiri."

"Kwenda siendi."

"Shemeji! Si umesema umesamehe?"

"Nimesamehe. Kwani kusamehe na kwenda ni kitu kimoja? Nilisema mbele ya mchungaji mguu wangu utapita kwenye mwanya ulioachwa. Niambie sasa, mwanya uko wapi?" Akaelekeza fimbo kwenye mstari wa visiki. "Kote kumekuwa mwanya. Nitapita wapi?"

"Pitia barabarani, kama nilivyopita mimi."

Hapo sauti ya mzee ikapanda. "Nizunguke barabarani? Kuingia kwa Ezra? Mimi ni mgeni? Nimeletewa kadi?"

Alikuwa ameletewa kadi, ya zambarau na dhahabu, lakini Eunike hakuona faida ya kumkumbusha. Alisimama pale barazani amejaa hasira mpaka kooni. Alitaka kumwambia kwamba msamaha usiotembea hata hatua moja ni msamaha gani. Alitaka kumwambia ni ukaidi huu huu uliowafanya wagombanie mkungu wa ndizi kama watoto. Lakini mzee alikuwa ameshika jani la Ezra mkononi, naye alikwisha samehewa, na mtu aliyesamehewa hana tena pa kuanzia ugomvi. Akasema, "Sawa, shemeji," akarudi kwake kwa barabara.

Goodness alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda ili joho lisijikunje. Eunike hakuwa na nguvu za kuzungusha maneno.

"Baba mkubwa haji."

"Haji?" Goodness akasimama. "Mama, uliniahidi."

"Niliahidi. Nikakata ahadi yangu mwenyewe na masale yake." Akamweleza yote, kuanzia kijani cha meza kuu mpaka kote kumekuwa mwanya. Goodness alisikiliza, akakaa tena chini, akasahau kabisa habari ya joho kujikunja.

"Kwa hiyo nitaingia na nani?"

"Na mimi."

Goodness alitazama pembeni. Hakusema kwamba haitoshi, na kule kutosema ndiko kulikomuuma mama yake zaidi.

Nje, mshereheshaji alikuwa amekwisha chukua uwanja. Alikuwa na koti la kumetameta na sauti inayokwenda mbele ya mwenyewe. Muziki ukafunguliwa mpaka bilauri za plastiki zikacheza mezani. "Wageni waalikwa, tusimameee! Mhitimu wetu anaingia sasa, akisindikizwa na mama yake mzaziii!" Watu wakasimama, simu juu, vigelegele vikatoka nyuma ya nyumba walikofichwa kina mama. Mama na binti wakaanza kulitembea zulia kutoka getini. Eunike alinyoosha shingo, akatabasamu kama alivyoelekezwa. Alikuwa anahisi pini moja baada ya nyingine zinaachia mgongoni, na alikuwa anawaza kwamba baada ya miaka yote ya kukamua, kumenya na kubeba, mwisho wa yote ni hili, kumtembeza mtoto wake mbele ya majani ya aibu.

Hawajafika mbali, akahisi mkono wa Goodness umesita.

Goodness alikuwa anatazama kushoto. Siku nyingine yoyote asingeona kitu upande ule isipokuwa ukuta wa masale. Leo palikuwa wazi. Na pale kwenye mstari, nyuma ya visiki, upande wake kabisa, alisimama Ebenezeri na koti lake la kijivu na kofia yake. Kwenye mfuko wa kifuani alikuwa ameliweka lile jani la kijani.

Goodness akaachia mkono wa mama yake, akatoka kwenye zulia. Visigino vya viatu vikazama kwenye udongo uliolowa, akavivua, akaviacha palepale, akaenda peku na joho lake mpaka kwenye visiki. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amesema huji."

"Kuja siji," alisema Ebenezeri. "Lakini nilisema nitakushika mkono. Lete mkono."

Akaunyoosha mkono wake juu ya visiki. Goodness akaushika. Wakaanza kutembea, mzee upande wake, binti upande wake, visiki katikati yao, polepole kwa mwendo wa fimbo. Watu wakageuza viti. Mshereheshaji akabaki ameshika kipaza sauti karibu na mdomo, akakosa la kutangaza, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kijana wa muziki alipunguza sauti bila kuambiwa, na kwaya iliyokuwa inasubiri zamu yake ikaona zamu ni hiyo, ikaanza kuimba.

Doris alimkimbilia Eunike, miwani imepanda kichwani. "Mama, waite warudi kwenye zulia! Kule hakuna mapambo, watatoka kwenye picha na visiki!"

"Watoke na visiki," Eunike alisema. "Waache."

Alikuwa bado na hasira, tusidanganyane. Alimkasirikia Doris, alimkasirikia Godlove aliyekuwa bado anapiga simu, alimkasirikia yule mzee aliyeona heri kutembea mstari mzima kwenye matope kuliko kuvuka hatua moja. Alijikasirikia yeye kuliko wote. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile mikono miwili, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Masale yaliishia kwenye migomba iliyogombaniwa, hatua chache kutoka meza kuu, na lazima mtu awepo pale. Akakatiza zulia, akapita katikati ya viti, mshono wa gauni ukapasuka ubavuni na yeye akausikia, akaendelea.

Alifika kwenye migomba wakati wao wanafika. Ebenezeri akasimama ncha ya viatu vyake ikigusa kisiki cha mwisho, kile walichokipanda pamoja. Alikuwa anahema. Akauinua mkono wa Goodness juu ya mstari, akauleta kwa Eunike.

"Nimemfikisha," alisema. "Huko kwingine ni kwenu."

Eunike akaupokea mkono wa binti yake. Ulikuwa bado na joto la mkono mwingine, mkubwa, wa kukwaruza, kama alivyoukumbuka wa Ezra kila aliposhuka mlimani. Hapo ndipo nyusi zake za kuchorwa zilipoanza kumtiririka mashavuni, mbele ya wageni wote na kamera.